Maswali 15 kwa Darasa la Mwaka wa Tatu

Ijumaa moja mitihani ikikaribia, chuo kimoja mjini Kisumu kiliniita nizungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mkuu wa idara alikwishaamua kwamba ni wazembe. Niliwagawia hojaji ya Maslach ya kupima uchovu wa kazi, ile ya wanafunzi ambayo mtafiti Schaufeli na wenzake waliitoa mwaka 2002: maswali 15, majibu kuanzia 0, kamwe, hadi 6, kila siku.

Walijaza upesi, wakaanza kujumlisha yote pamoja. Hapo ndipo wengi huharibu. Maswali matano hupima uchovu, manne kuyadharau masomo, sita imani ya mtu kwamba anaweza. Kila fungu lina hesabu yake, na lile la mwisho husomwa kinyume: alama za chini ndizo za kutia wasiwasi. Ukichanganya, aliyechoka kabisa huonekana mzima.

Kipindi kilipokwisha, binti mmoja alibaki. Uchovu 28 kwa 30, dharau 5 kwa 24, imani 9 kwa 36. Masomo aliyapenda, basi.

"Madam, na usiku nalala vizuri tu."

"Ukipata B, nani atajua?"

"Kijiji kizima. Karo yangu ilitoka kwa harambee."

Kila kazi aliiandika upya mara tatu nne, akachelewa kuiwasilisha, akakatwa alama, kisha akazichukua alama hizo kuwa ushahidi kwamba hawezi. Kupenda kufanya vizuri hakuchoshi hivyo. Kinachochosha ni hofu ya kuonekana umekosea, na likizo haiiondoi. Tulikubaliana asome mwongozo wa usahihishaji kabla ya kuanza, aandike dakika 25 bila kufuta, mwenzake aisome mara moja, arekebishe, awasilishe.

Kwanza lakini nilimuuliza kuhusu kwaya, chakula, na kama huwaza kufa. Uchovu wa masomo hung'ang'ania masomo. Furaha ikipotea hata kanisani na nyumbani, hilo huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na hapo hojaji haitoshi, anahitaji kliniki. Yeye kwaya bado aliingojea kwa hamu.

Vijana wawili walikuwa kinyume chake: dharau juu, uchovu kiasi. Kozi waliyopangiwa haikuwa chaguo lao. Hao utaratibu kama ule wa binti hauwasaidii. Niliwaelekeza kwa mhadhiri anayeshughulikia mafunzo ya nyanjani.

Mkuu wa idara alitaka karatasi zenye majina. Hazikuwa na majina. Nilimpa wastani wa mafungu matatu, nikamwomba kila kazi itolewe pamoja na mwongozo wake wa usahihishaji.