Dakika kumi na tano za protamini

Jumanne, usiku

Nimerudi nyumbani na njaa, lakini ninaandika kwanza, kwa kuwa leo mkono wangu ulitetemeka, jambo ambalo halijanitokea kwa miaka mingi ya kutoa dawa za usingizi.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 54, mwenye kisukari, ambaye valvu yake ya mitrali, mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo, iliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kwa sababu mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, alikuwa akimeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Aliiacha siku 5 kabla ya upasuaji wa kubadilisha valvu, na asubuhi INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ilikuwa 1.2, karibu na kawaida. Hiyo haikunipa shida. Kilichoninyima usingizi ni heparini, ambayo tungempa sisi wenyewe na kisha tukalazimika kuiondolea nguvu.

Bila heparini damu ingeganda ndani ya mirija ya mtambo unaofanya kazi ya moyo na mapafu. Tulimpa uniti 400 kwa kila kilo, yaani 24,000 kwa uzito wake wa kilo 60, na mtambo haukuwashwa hadi muda wa damu kuganda ulipopita sekunde 480.

Protamini, dawa inayoinasa heparini na kuizima, asili yake ni manii ya samaki aina ya samoni. Ndiyo maana jana jioni, wodini, nilimuuliza, "Mama, ukila samaki huwashwi wala kuvimba?" Akacheka sana. "Mwanangu, mimi ni wa Bagamoyo, nisile samaki nile nini?" Hata hivyo, swali lililonihusu zaidi lilikuwa la insulini. Ile yenye rangi ya maziwa, ambayo amejichoma kwa miaka 9, imetiwa protamini ili ifanye kazi taratibu, na mwili uliozoeshwa hivyo kidogo kidogo unaweza kuwa umejiandaa kupambana nayo siku itakapoingia kwa wingi.

Baada ya valvu mpya kushonwa na moyo kuanza kupiga wenyewe, nilitangaza kwa sauti, "Ninaanza protamini." Mwendesha mtambo aliitikia, na daktari wa upasuaji akaacha kunyonya damu kuirudisha mtamboni, kwani damu iliyokwisha kupata protamini inaweza kuganda humo, na mtambo huo huenda tukauhitaji tena. Nilitoa miligramu 10 za majaribio, nikasubiri, kisha nikaiacha pampu iendelee.

Katika dakika ya nne presha ya juu ilishuka kutoka 105 hadi 62. Nilisimamisha pampu na kutazama kwanza presha ya mishipa ya mapafu, kwa sababu ikipanda ghafla, upande wa kulia wa moyo huelemewa. Haikuwa imepanda. Nikampa noradrenalini kidogo, dawa ya kupandisha presha, na maji ya mshipani. "Huku bado inachuruzika," alisema daktari wa upasuaji, na hakukosea, kwa kuwa kifua kinachovuja hakifungwi. Nilimwomba dakika tatu, ambazo zilikuwa ndefu kuliko saa zote zilizotangulia. Presha iliporejea nilianza tena, mara hii polepole zaidi.

Hesabu ya kitabuni, miligramu 1 kwa kila uniti 100, ingenipa miligramu 240. Niliishia 180, kwa kuwa sehemu ya heparini ilikwisha kutumika mwilini, na protamini ikizidi nayo huzuia damu kuganda, jambo ambalo wanafunzi wangu huliona kama mzaha hadi walishuhudie. Muda wa kuganda ulirudi sekunde 124, na kifua kikafungwa.

Mirija ya kifuani ikikauka, tutamrudishia warfarini, safari hii kwa maisha yake yote, kwa sababu valvu aliyowekewa ni ya chuma. INR itatakiwa kukaa kati ya 2.5 na 3.5. Jana, nilipokuwa ninaondoka, aliniuliza kama ataruhusiwa kula matembele, maana mboga za majani hupunguza nguvu ya warfarini. Nilimjibu kwamba ale, ila asile sufuria zima wiki hii na kuyaacha kabisa wiki ijayo, na akamwita binti yake aje asikie.