Usiku Nyekundu Yangu Ilipogeuka Nyeusi

Nilikuwa na miezi minne tu kazini nilipokabidhiwa bango la mita 12 kwa 2.4, la kuwaka usiku kucha. Kwa kuwa mimi ndiye niliyelichora, bosi akasema nichague na vifaa vyake. Nikavipanga vipande vya sampuli juu ya meza, karibu na dirisha, na kabla ya saa sita mchana nikawa nimemaliza: uso wa akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, nyeupe ya maziwa, herufi za stika nyekundu, na ndani taa za LED, moja hadi nyingine sentimita 25 ili tusitumie nyingi. Stika nikaiagiza hapo hapo, roli mbili.

Fundi mkuu, mzee asiyependa maneno mengi, aliisoma karatasi yangu akaikunja.

"Mwanangu, bango hili litawaka saa ngapi?"

"Usiku, mzee."

"Na wewe umelichagua saa ngapi?"

Jioni tukaunda boksi la majaribio, urefu mita moja, kina sentimita 15 kama litakavyokuwa bango lenyewe. Tukalifunika kwa akriliki yangu, tukabandika herufi moja. Giza lilipoingia akaniagiza nivuke hadi upande wa pili wa uwanja, kwani hapo ndipo msomaji atakaposimama, kisha akawasha.

Weupe ulijaa madoa, kila taa imejichora kivyake, utadhani uso wa mtu aliyeugua ndui. Hayo niliweza kuyavumilia. Lakini herufi yangu ilikuwa nyeusi. Sisemi nyekundu iliyokolea. Nyeusi tii, kama masizi. Nikarudi mbio nikidhani imeungua.

Mzee akaibandua kona kwa ukucha, akakata kipande kama cha stempu, akakiweka juu ya tochi. Mwanga haukupita hata chembe. Nilikuwa nimechagua stika ya kubandika kwenye magari na kuta. Jua likiipiga kwa mbele inameremeta, taa ikiipiga kwa nyuma ni sawa na kubandika kadibodi. Ile ya kupitisha mwanga ilikuwa pale pale mezani asubuhi, na kwa mchana ule sikuona tofauti yoyote kati ya hizo mbili. Nikazikumbuka roli zangu, nikanyamaza.

Madoa hayakumpa shida. Alizisogeza taa zikaachana sentimita 15, sawa na kina cha boksi, yakafifia. Akapaka rangi nyeupe ndani, yakaisha.

Ubishi wetu ulikuwa kwenye uso. Mimi nilikuwa nimeipenda akriliki, na mpaka leo kwa bango dogo sikubali kitu kingine: inang'aa vizuri na jua haliipaushi upesi. Mzee hakunibishia uzuri wake. Alichukua vipande viwili, akavikutanisha mbele ya taa. Mstari mwembamba wa mwanga ukachungulia katikati. Karatasi zetu za akriliki zilikuwa na upana wa sentimita 122, kwa hiyo bango lingehitaji karatasi 10, yaani mistari 9 ikikatiza maandishi. Halafu akagusa skrubu nilizochora, zinabana kila upande. Karatasi ya mita 2.4 ikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua kali, tofauti ya nyuzi 40 tuseme, hurefuka karibu milimita 7. Ikikosa pa kwenda, hupasukia kwenye matundu ya skrubu.

Nikakimbilia polikaboneti, plastiki nyingine ngumu, maana hiyo hata nyundo haiivunji kirahisi. Akasema viungo ni vile vile, na isipokuwa na kinga ya jua huwa njano kama meno ya mvuta tumbaku.

Ikabaki fleksi, ambayo nilikuwa nimeidharau tangu mwanzo: kitambaa cha plastiki, nikadhani, cha matangazo ya wiki moja. Kumbe ya kupitisha mwanga ipo, ni kipande kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na haipigwi skrubu. Huwambwa. Siku ya kuifunga, watu wanne tuliivuta kwenye fremu, mzee akiigonga kwa kidole na kusikiliza kama mwamba ngoma. Ikilia chini, anakaza. Chini ya boksi akatoboa matundu ya kutolea maji, kila mita moja.

Usiku wa kuwasha, nilivuka barabara bila kuambiwa. Nyekundu ilikuwa nyekundu. Nikalipitia bango polepole toka kushoto, nikarudia.

"Umeona nini?" akauliza kutoka ng'ambo.

"Mwisho wa kulia unafifia, mzee!"

Taa zote nilikuwa nimezilisha umeme wa volti 12 kutoka upande mmoja tu. Alikuwa ameshapanda ngazi upande wa kulia, waya wa pili begani.