Siku moja maishani mwangu: wodi ya njiti, Mei 12

Saa 11 kasoro robo alfajiri

Naamka kabla ya adhana. Sare nyeupe niliipiga pasi jana mapema, maana umeme wa mtaani kwetu ukisikia kuna sherehe, unakatika. Leo ni Siku ya Wauguzi Duniani, na mimi nina karatasi moja mfukoni inayonikosesha raha tangu juzi.

Matroni ndiye aliyenipa kazi hii. Kila mwaka hospitali yetu hutoa zawadi ya muuguzi hodari. Mwaka huu wameamua pia kuwatambua wauguzi waliofanya utafiti, watu watatu. Mimi simo (msinionee huruma, nitafika). Nimepewa dakika 5 za kuwaeleza watu kwa nini muuguzi anayefanya utafiti apewe heshima. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena. Toleo la nne linaanzia Marekani, kwenye chama cha Sigma Theta Tau kilichoanzishwa na wanafunzi sita wa uuguzi mwaka 1922, ambacho tangu 2010 kina orodha ya heshima ya wauguzi watafiti. Nalisoma huku nakunywa chai. Lina usingizi ndani yake. Nakunja karatasi, natoka.

Saa 1 na dakika 20 asubuhi

Tunakabidhiana zamu. Watoto njiti 23, wote waliozaliwa kabla ya wakati, wauguzi wawili. Dada wa usiku ana macho mekundu na kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. "Namba saba tumbo limejaa, usimlishe mpaka daktari amwone. Namba kumi na mbili manjano yameenea mpaka miguuni. Damu tumepeleka maabara."

Wawili kwa 23. Linda Aiken, muuguzi mtafiti wa Marekani, aliwahi kupiga hesabu ya jambo hili na wenzake katika hospitali 168 za Pennsylvania. Mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa 7%. Wauguzi wote tulikuwa tunalijua hilo kwa miguu yetu. Ila miguu haipelekwi kwenye kikao cha bajeti.

Saa 3 asubuhi

Maziwa. Kila baada ya saa tatu tunalisha, na mtoto wa kilo moja na robo hajui kunyonya bado. Mama anakamua kwenye kikombe, mimi navuta kwa bomba la sindano, nalichomeka kwenye mrija unaopita puani, kisha natoa kisukumio na kuliinua bomba juu kidogo ya mtoto. Hapo unasubiri. Maziwa yanashuka yenyewe, polepole, kama maji kwenye mtungi uliotoboka kitobo kidogo. Ukisukuma ili umalize haraka, atatapika au atapaliwa. Nina 22 wa kulisha. Hapa ndipo unajifunza subira, au unajifunza kuitafutia visingizio.

Majibu ya namba kumi na mbili yamerudi, anatakiwa chini ya taa. Kwenye ngozi zetu nyeusi manjano hujificha, kwa hiyo kabla hata ya majibu nilikuwa nimebonyeza paji la uso kwa kidole na kuachia; pale damu ilipokimbia, ngozi ikabaki na rangi ya bizari. Nikabonyeza kifua, paja, unyayo. Bizari mpaka chini. Namvua nguo, nabakiza nepi ndogo, namfunika macho kwa kitambaa, nawasha taa ya bluu.

Bibi yake, aliyekuja na uji, ananitazama kwa mashaka.

"Sista, shikamoo ya kazi. Sisi wetu tuliwaanika jua la asubuhi tu, wakapona."

"Marahaba, bibi, ingawa mimi ndiye wa kukupa shikamoo. Hujakosea sana. Ila manjano ya huyu ni mengi, jua la uani haliwezi, na njiti ukimvua nguo nje atapoa."

Na hapo, nikiwa nimeshika kitambaa cha macho, nikajua dakika zangu 5 ni za nini.

Mwaka 1956, Hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza. Sista Jean Ward alisimamia chumba cha njiti, na siku za joto alipenda kuwatoa watoto uani wapate hewa na jua. Siku moja madaktari wakiwa kwenye mzunguko, akawaonyesha mtoto mmoja akiwa uchi. Ngozi ilikuwa imefifia manjano, isipokuwa pembetatu moja iliyobaki njano kabisa. Daktari akamuuliza, "Sista, umempaka nini hapa? Iodini?" Hapana, akasema, nadhani ni jua. Ile pembetatu ilikuwa imefunikwa na kona ya shuka.

Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine ikasahauliwa dirishani juani, na ilipopimwa, kiwango cha manjano kilikuwa kimeshuka. Daktari Cremer na wenzake wakaunganisha mambo, wakatengeneza taa. Makala yao ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1958. Ina majina matatu ya waandishi. La Sista Ward halimo.

Saa 5 asubuhi

Akina mama wa kangaruu. Hawa tisa wamefunga watoto vifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, wanacheka kama wako sokoni. Zamani tulisubiri mtoto atulie kabisa ndipo apewe mama yake. Kisha utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, uliotoka 2021, ukaonyesha kwamba kuanza mara moja baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo vya watoto hao wadogo kwa robo nzima. Usimamizi ulikuwa wa watu wengi, lakini fikiria tu nani alikuwa akimkagua mtoto pale kifuani usiku wa manane na kujaza fomu.

Nalijua hilo vizuri kidogo kuliko ninavyotaka. Kwenye kituo changu cha kwanza cha kazi walikuja watafiti. Miezi sita nilichukua vipimo zamu za usiku, nikawa natembea na saa ya mkononi niliyonunua mwenyewe. Makala ilipotoka nilitafuta jina langu mpaka mwisho. Nilikuwemo, sikatai: "tunawashukuru wauguzi wa wodi."

Saa 9 alasiri

Mgeni rasmi amechelewa saa moja na nusu, tumeshamaliza soda. Tumewasha mishumaa, tumekula kiapo. Mei 12 ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, mwaka 1820, na kila mwaka mshereheshaji husimulia taa aliyozunguka nayo usiku akiwakagua wanajeshi wagonjwa. Hakuna anayesimulia kwamba mama huyo alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London, kwa sababu alichora vifo vya wanajeshi kwa namna ambayo waziri angeweza kuona kwamba wengi waliuawa na magonjwa yanayozuilika, sio majeraha. Tunawasha mishumaa kwa ajili ya taa, kwa ajili ya mchoro hatuwashi hata kiberiti.

Dakika zangu 5 zimekatwa kuwa 2. Nikaacha karatasi mfukoni, nikasimulia ile pembetatu. Ukumbi ulinyamaza nilipofika kwenye majina matatu, kisha mtu nyuma akaguna, "Mh!"

Wakaitwa watatu. Wa mwisho ni mkunga wa leba, dada mkimya. Aliona kwamba watoto wanaotoka chumba cha upasuaji wanatufikia wakiwa baridi, chini ya nyuzi 36.5, akaanza kuandika joto la kila mmoja kwenye daftari kubwa la mistari, kwa penseli. Daftari hilo ndilo lililofanya leo mtoto atoke kule akiwa na kofia kichwani na taulo kavu iliyopashwa moto. Wamempa cheti kwenye fremu na kitenge. Wakampa na kipaza sauti, nadhani walitarajia aseme asante.

"Cheti nitakitundika," akasema. "Ila naomba siku moja kwa mwezi nisipangiwe zamu, niingize takwimu zangu kwenye kompyuta. Sasa hivi naziingiza usiku, wanangu wakishalala."

Makofi marefu. Mgeni rasmi akacheka. Katibu wa afya hakucheka, aliandika kitu. Keki ilikuwa kavu.

Saa 12 jioni

Zamu yangu iliisha zamani, nimepita tu kuchukua mkoba. Bibi yuko palepale kwenye kiti cha plastiki. Naosha mikono, nazima taa ya bluu kidogo, nafungua nepi ya namba kumi na mbili nimbadilishe.

Bibi anainama, anavuta miwani. Kifuani ngozi imefifia. Chini ya nepi, mstari umekatika kama umechorwa kwa rula, na ng'ambo yake bado ni bizari tupu.

"Mbona hapa hamkumpaka?" ananiuliza.

Namwita dada wa zamu ya usiku aje aone. Kisha natafuta kalamu, naandika kwenye faili saa, mahali, rangi. Chini yake naandika jina langu lote, la kwanza, la kati na la ukoo.