Panya wa Wete

Mwaka 2009 skuli zilipofungwa nikapelekwa Pemba kwa bibi, Wete. Siku ya pili tu nikaharibu.

Jikoni pembeni ya mtungi kulikuwa na kikombe cha bati, ndani maji yamechacha, juu yamefanya utando mweupe, na harufu yake ndo usiseme. Mimi mtoto wa mjini najifanya msafi, nikakichukua nikamwaga nyuma ya banda la kuku, nikakisugua kwa jivu mpaka kikang'ara, nikangoja nisifiwe.

Bibi karudi, kakiangalia kile kikombe, kaniangalia mimi. "Mbegu zangu ziko wapi?"

Kumbe ilikuwa mbegu ya tungule, nyanya hizi. Alikuwa na tungule moja kaiacha mtini hadi iwive kabisa, kaifungia kitambaa cha kanga kuukuu ili mtu asiichume, kisha kaikamua humo na kuiacha siku mbili tatu ichache. Ule utelezi unaozunguka mbegu ndo unaizuia isiote, ukishachacha unaachia, unasuuza, mbegu nzima zinazama chini na mapepe yanaelea, unaanika kivulini kwenye sahani. Ya dukani hataki. Aliwahi kununua kopo la mbegu chotara, zile za kuchanganya aina mbili, mwaka wa kwanza tungule kama ngumi, akaweka mbegu yake, mwaka wa pili kila mche ukatoka na sura yake, moja duara, nyengine ndefu, nyengine hata kuzaa hazizai.

Nikakimbilia bandani lakini kuku wamekwisha kuparura kila kitu.

Hakunipiga. Alisema nenda kwa jirani ukaombe, na umwambie mwenyewe kilichotokea. Nikaenda, hodi, shikamoo, nikaambiwa karibu mwanangu, na nilipoulizwa za bibi zimekwenda wapi ulimi ukanigeuka nikasema zimeliwa na panya. Yule bi mkubwa akasikitika kwelikweli, akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi, akanimiminia mbegu kidogo zilizochanganywa na jivu, akanikunjia kwenye gazeti.

Sasa baada ya magharibi si akaja mwenyewe kumpa bibi pole, na mtego wa panya kauleta mkononi!

Bibi akaupokea, akaugeuzageuza.

"Ahsante mwaya, ila huu mdogo. Panya wangu mimi anavaa kandambili."