Siku moja Mwanza, nikitafuta mchanga wa omena

Nimekulia Changamwe, Mombasa, katika nyumba ambamo omena walioshwa mara tatu kwa maji ya moto na bado mchanga ukasagika menoni. Sasa ni mwaka wangu wa pili nikisomea uandishi wa habari jijini Mwanza, ambako samaki huyo huyo anaitwa dagaa. Jumamosi iliyopita niliitenga siku nzima kwa ajili ya makala yangu ya mazoezi, nizungumze na watu wanaomwanika, na nikipata nafasi niutazame mji.

Saa 10 alfajiri niliondoka Nyegezi kwa bodaboda, nikafika mwalo wa Igombe kungali giza, mitumbwi ikirejea. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta hadi juu ya maji, na kunapokuwa na mbalamwezi taa hizo hazina nguvu, hivyo wavuvi hupumzika. Hayo nilikuwa nimeyasoma darasani. Nisilolijua ni kwamba watu wa mwaloni hupanga hata madeni ya dukani kwa hesabu hiyo: anayekopa wakati wa mbalamwezi huahidi kulipa giza likirudi.

Saa 12 na nusu kulipambazuka, nami nikamwamkia mama mmoja kwa "Mwangaluka", neno la Kisukuma ambalo nimejifunza kwa bidii. Alifurahi, akaitikia, kisha akaendelea na kazi huku tukizungumza. Alikuwa akichota dagaa kwenye beseni kwa viganja viwili na kuwatawanya juu ya kichanja, yaani wavu uliotandazwa juu ya nguzo kimo cha kiuno, akihakikisha hakuna anayemlalia mwenzake. Wabichi hung'aa kama fedha, na urefu wao haufikii kidole changu cha kati. Hatua chache kutoka hapo, wenzake walikuwa wakianika chini. Nilimuuliza kwa nini si wote wenye vichanja.

"Mchanga hauna mtaji, binti yangu," alisema. "Kichanja kinataka miti, wavu na fundi. Na mvua ikinyesha siku 2 mfululizo, wa chini wanaoza, unawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Ukishapata hasara hiyo, kichanja utakijenga kwa pesa gani?"

Nilikuwa nimekuja nikiamini kwamba mchanga ule wa utotoni mwangu ulitokana na uzembe wa mtu. Nilimwonea mtu huyo, na makala yangu itaanza kwa kulikiri jambo hilo.

Saa 5 asubuhi nilikuwa soko la Mwaloni, Kirumba, ambako dagaa wakavu hununuliwa na wafanyabiashara wa ndani na wa nchi jirani, zikiwamo Kongo, Rwanda na Burundi. Baba mmoja mwenye kibanda alinionyesha namna anavyowapima: alizamisha mkono hadi katikati ya gunia, akatoa konzi moja, akaisugua kati ya viganja na kuipuliza. Kilichobaki kiganjani mwake kilikuwa chembe za mchanga. Gunia la pili halikuacha kitu, na hilo, alisema, ndilo lenye bei.

Mchana nilitembea hadi Jiwe la Bismarck, lile la mawe yaliyobebana ukingoni mwa ziwa. Ni zuri kuliko picha zake, ingawa iliniuma kwamba mawe ya kale kiasi hicho yamebeba jina la kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Saa 9 nilivuka kwa boti hadi Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ambako pimbi huota jua juu ya miamba. Kisiwa hicho kimepewa jina la mvuvi aliyeishi humo, na naona hivyo ndivyo inavyostahili.

Jioni nilisikiliza mahojiano niliyorekodi, nikayanukuu hadi saa 2 usiku. Kisha nikapika dagaa niliofungiwa na yule mama: niliwaosha mara moja tu, nikawakaanga kwa vitunguu na nyanya, nikasonga ugali. Mwenzangu wa chumbani, mzaliwa wa Ukerewe, aliniuliza kwa nini natafuna polepole hivyo. Nilikuwa nikiusubiri mchanga, nao haukuja. Nilimwandikia mama ujumbe kwamba nikirudi nyumbani nitamletea kilo 2, za kichanja.