Kama mtoto aliyeachishwa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki iliyopita sikutuma tafakari, mnisamehe, mama alibanwa kifua na usiku kucha tulikuwa macho, sa hivi hajambo, jana kamaliza bakuli zima la mtori na akanyoosha mkono kuashiria niongeze.

Neno la wiki hii ni Zaburi ya 131. Ni fupi, mistari 3 tu, unaisoma chai haijapoa. Mstari wa 2 unasema: "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha. Kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Kama mtoto aliyeachishwa, ndivyo roho yangu ilivyo kwangu."

Zaburi hii ni mojawapo ya zile nyimbo 15 za kupanda mlima, kuanzia 120 mpaka 134, za watu waliokuwa safarini kupanda kwenda Yerusalemu. Huwa nacheka kidogo nikiisoma manake mimi naishi mlimani kabisa, huku uchagani, Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, naiona kila asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, ila sina ninakopanda wala ninakoshuka. Tangu mama apate kiharusi huu ni mwaka wa 4 niko hapa hapa kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Upande wake wa kulia ndio ulioondoka, mkono na mguu, na maneno nayo yanatoka kwa shida. Na mimi ndiye kitinda mimba, kwetu mnajua kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, tukiwa wadogo kaka zangu walikuwa wananionea wivu kwa ajili hiyo, sasa sidhani kama kuna anayenionea.

Watu wa mjini wakisikia wikiendi wanafikiria kupumzika. Kwangu ndio siku nzito kuliko zote. Dada anayetusaidia anaenda kwao Ijumaa jioni, mke wangu anafundisha shule ya mbali anakuja mwisho wa mwezi tu, kwahiyo kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumatatu asubuhi ni mimi na mama na ng'ombe wawili wa ndani ambao hawajui kwamba kuna sikukuu. Kumgeuza mama kila baada ya muda asije akapata vidonda, kumlisha taratibu asipaliwe, kumnyoosha vidole vya ule mkono kama tulivyofundishwa kwenye mazoezi, kukata majani, kukata mgomba, kukamua. Jumamosi asubuhi jirani yetu, mama mmoja wa jumuiya yetu, anakuja kumwogesha na kumbadilisha vizuri, manake kuna mengine mtoto wa kiume anafanya pale tu inapobidi. Mungu ambariki yule mama, haji mikono mitupu hata siku moja, kama sio mayai basi ni parachichi.

Sasa niwaambie ukweli. Mwaka wa kwanza na wa pili nilikuwa na hasira. Ijumaa usiku nikishamlaza mama nafungua WhatsApp naangalia stetasi, yule yuko Zanzibar kwenye maji, huyu yuko kwenye harusi kavaa suti, kaka yangu wa Dar anachoma nyama na wenzake, na mimi nimekaa na taa ya sola nanuka dawa ya kuchua. Nilikuwa nasema moyoni, Bwana, hawa na mimi ni watoto wa mama mmoja kweli? Na kaka alikuwa anatuma hela, hilo lazima niseme, hajawahi kuacha kutuma hela ya dawa na ya pampasi, lakini mimi nilikuwa najibu "imefika" neno moja tu, yaani hata asante ilikuwa inanikaa kooni. Desemba wakija wote na magari yao, nyumba imejaa, mbege ipo, ndafu ipo, mimi ndio nilikuwa nanuna mpaka wanaondoka.

Siku moja nikawa nasoma Wafilipi 4, pale Paulo anaposema "nimejifunza kuwa radhi", na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ile sura ni barua ya kushukuru hela! Watu wa Filipi walikuwa wamemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, na yeye yuko kifungoni, hatoki, anaandika kuwaambia nimepokea. Mtu amefungwa na bado anajua kusema asante kwa upana wake wote. Nikaiona ile "imefika" yangu nikaona aibu. Halafu neno lenyewe, NIMEJIFUNZA. Kumbe hakuzaliwa nalo, alifundishwa kama sisi.

Mimi kilichonifundisha, msicheke, ni ungo.

Kwetu tunalima kahawa tangu enzi za mababu, miaka ya 1890 huko wamisionari walishaipanda, baba yangu aliiuza chama cha msingi maisha yake yote na sisi tukasoma kwa hela hiyo, lakini ukiingia ndani ya nyumba yetu utapewa chai. Ndivyo tulivyo. Basi msimu mmoja mashina machache yaliyobaki yalizaa kidogo tu, haikufikia hata ya kupeleka kuuza, nikaianika juani na maganda yake mpaka ikawa buni kavu, Jumamosi nikaitwanga kwenye kinu cha mama, nikapepeta. Nikamkalisha mama barazani kwenye jua na mito pembeni asiinamie upande, nikaweka ungo mapajani pake nikasema shikilia kidogo nikawashe moto.

Kurudi nikamkuta anachambua. Kwa mkono wa kushoto, ambao hakuwahi kuutumia kwa kazi hiyo. Anaisogeza punje moja kwa kidole, anaitazama, nyeusi anaisukuma pembeni, iliyotobolewa na wadudu anaisukuma pembeni, nzima anaiacha. Moja moja. Nikaona atachoka, na mimi nina haraka zangu, nikataka kumtoa ungo nimalizie dakika kumi tu, jamani, alinipiga kofi la mkononi! Mama yangu ambaye hata kijiko anashikiwa! Nikakaa chini. Nilikaa kwenye kigoda karibu masaa mawili namwangalia, sikuwa na simu mkononi, kuku wanapita, maji yanasikika kule kwenye mfongo, ule mfereji wa shambani, na ghafla nikagundua kwamba kwa masaa yote yale sikuwa nataka chochote. Sio kwamba shida zimeisha, pampasi zilikuwa zimebaki mbili. Sikuwa nataka tu.

Nikaikaanga, mnajua inapofika mahali inaanza kupasuka kama bisi na moshi unanukia nyumba nzima mpaka nje. Mama hanywi, lakini alifumba macho akavuta ile harufu akatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaotabasamu. Mimi nikanywa vikombe viwili bila sukari usiku sikulala, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa kwenye Zaburi ya Daudi. Siku zote nilikuwa naisoma ile Zaburi haraka haraka naona mtoto mchanga ananyonya, katulia. Sio. Kaachishwa! Mtoto anayenyonya akiwekwa kifuani anatafuta, anahangaika, anavuta nguo, hata hamuoni mama, anaona maziwa. Aliyeachishwa anakaa pale pale kifuani na hatafuti kitu, kaja kwa mama mwenyewe. Na kati ya yule wa kwanza na huyu wa pili kuna kilio kingi sana hapo katikati. Mama alikuwa akinisimulia zamani kabla ya kuumwa kwamba mimi nilimtesa kuliko wote, wa mwisho tena, nilinyonya mpaka naongea, akapaka shubiri nikaipangusa na nguo nikaendelea, akapaka tena nikalia siku tatu na bibi ndiye alinibeba mgongoni. Alikuwa anasema nilimnunia, simsogelei, halafu siku ya nne nikarudi mwenyewe nikajilaza kifuani nikalala tu.

Nafikiri ile miaka yangu miwili ya stetasi na kununa ilikuwa ni shubiri. Sisemi Mungu ndiye aliyempa mama kiharusi ili mimi nijifunze, hapana, mtu akija kuniambia hivyo barazani kwangu namwonyesha njia ya geti, mateso ya mama ni ya mama na namlilia Mungu kuhusu hayo mpaka leo. Nazungumzia kile kilio changu mimi cha kutaka maisha ya wengine. Nililia nacho sana, nikachoka, na kuna mahali nilikuja nikajilaza.

Na sio kwamba nimefika. Juzi tu usiku wa tatu wa kukesha na kile kifua chake nimefoka kwa sauti, nimemfokea mgonjwa, halafu nikaenda zizini nikalia. Asubuhi nikamuomba radhi, akanishika sikio kama zamani.

Kaka nilimpigia. Tuliongea kama saa nzima, nikamwambia asante ya miaka yote, akanyamaza, halafu akaniambia yeye kila Jumamosi hapo kwenye nyama choma anawaza mama anakula nini. Amesema atakuja kabla ya Desemba, peke yake, akae wiki nzima ili mimi nikapumzike. Tuombee hilo.

Msimu umeanza tena, kuna debe moja na kidogo nimeanika tangu mwezi uliopita na imekauka vizuri. Leo asubuhi nikiwa namnywesha uji mama alikuwa anageuza geuza uso kuelekea jikoni mpaka nikadhani kuna kitu kinaungua, kumbe anatafuta ungo.