Siku moja maishani mwangu: natafsiri filamu kibandani, Mtwara

Saa 12 asubuhi. Watu wakisikia natafsiri filamu kwenye kibanda umiza huku Magomeni, hudhani nashika maiki na kupiga domo. Ukweli ni kwamba siku inaanza na koo: maji ya vuguvugu, tangawizi, na siongei na mtu mpaka saa 2. Mke wangu keshazoea. Majirani wanajua nimenuna.

Saa 3 hadi saa 7 ni daftari na kompyuta. Filamu ya leo haina ngumi hata moja, na mwenye kibanda hakuipenda. The Castle, vichekesho vya Australia vya mwaka 1997. Familia ya watu wa kawaida imejenga ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Melbourne, baba dereva wa bredauni, siku moja wanaambiwa nyumba inatwaliwa, chukueni fidia mhame. Baba anagoma. Inasemekana waliipiga filamu nzima kwa siku 11. Mimi neno moja tu limenila siku 4.

Wakili wao wa uchochoroni anabanwa ataje kifungu cha katiba kilichovunjwa. Hana. Anaishia kusema ni ile "vibe", yaani, katiba yote ilivyokaa. Niliandika "hewa", nikafuta. "Roho", nikafuta, tungekuwa kanisani. Mwisho nikaandika "mzuka".

Mchana ming'oko, vile viazi vya porini, kwa chumvi na pilipili, usingizi kidogo kwenye benchi, katuni za watoto.

Saa 1 usiku kibanda kimejaa, kiingilio 500. Mwanzo unakwenda vizuri. Tunafika pale baba anapozisifia nguzo za umeme jirani na nyumba yake, pyuu, giza. Luku imeisha! Kicheko kilichopasuka hapo sijawahi kukipata kwa mdomo wangu. Mwenye kibanda akaanza kubonyeza tarakimu 20 kwa tochi ya simu, akakosea, akaanza upya.

Na mzee wa benchi la mbele naye akaanza.

"Mwanangu, huyu mzungu wamemthaminia lini?"

"Mzee, hawakuonyesha."

"Posho ya usumbufu kapewa?"

"Mzee wangu, hii ni filamu."

"Ya usafiri je? Na kodi ya pango ya miezi 36?"

Nilishataka kumrudishia 500 yake akalale. Lakini zile posho alizitaja kwa mpangilio, kama mtu anayeita wanawe waje kula. Akasimulia mikorosho yake: wathamini waliihesabu mti kwa mti, wakaipiga namba kwa rangi nyekundu, wakaondoka. "Mwaka wa tatu huu napalilia mikorosho isiyo yangu wala yao." Gizani hakuna aliyecheka.

Umeme ukarudi, na yeye hakunyamaza. Nikifungua mdomo, anauliza. Nilipofika kwenye "mzuka" akageuka mzima mzima: "Katiba ina jini?" Vijana wa nyuma wakampigia kelele, mzuka ni raha, mzee! Akawajibu mzuka hutolewa kwa ubani. Filamu inakwenda, mimi nimeachwa nyuma maneno kama ishirini, koo linawaka, saa sijui ngapi.

Akaja wakili mkubwa mstaafu, mbele ya mahakama ya juu kabisa, akazungumzia kifungu cha kutwaa mali kwa masharti ya haki. Daftari langu liliandikwa hivyohivyo, "masharti ya haki". Sikulitazama. Nikasema kama Katiba yetu inavyosema, Ibara ya 24: fidia inayostahili. Mzee akapiga benchi kwa kiganja. Mara moja tu, halafu kimya mpaka mwisho.

Watu wakatoka. Mimi nakunja waya, sauti imebaki ya chura. Yeye bado amekaa.

"Rudisha pale wanaposhinda."

"Mzee, sauti sina."

"Usitafsiri. Nataka kuwaona tu."

Nikairudisha. Luku ilikuwa imebaki yuniti 2.